Koltani, plastiki na mstari wa molekuli

Muhumba, commune ya Ibanda. Kando ya barabara inayoshuka kuelekea ziwa kuna kijana fundi wa telefone mwenye meza moja, parasoli moja na wateja wengi. Siku ile nilikuwa nimemwachia telefone yangu, ekrani imepasuka. Aliponirudishia nikaitazama nikiwa na miwani ya jua usoni. Giza tupu. Nikapandisha sauti: "Kijana, umeniulia telefone!" Akacheka. "Hapana, papa. Igeuze kidogo." Nikaigeuza ikalala upande, mwanga ukarudi. Nikaisimamisha tena, giza.

"Iko vile juu ya miwani yako, papa. Si juu ya kazi yangu."

Sawa. Lakini ni kwa nini? Yeye hakujua, na mimi vilevile. Mimi ni mtu wa sendika ya wachimbaji. Nilipata diploma ya serikali katika sehemu ya biokimia, kisha migodi ikanichukua na vitabu vikabaki nyumbani. Ila swali lile lilinifuata mpaka usiku. Nikaanza kusoma na kusumbua watoto wa ndugu zangu walio chuo kikuu, na kumbe swali la miwani linaingia moja kwa moja ndani ya kazi yangu: koltani, makuta, na kesho ya watu wanaoshuka chini ya ardhi.

Tuanze na miwani. Ile miwani inayokata mng'ao wa ziwa si kioo kilichopakwa rangi nyeusi tu. Ndani yake kuna plastiki iliyovutwa. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli, iliyofungamana ovyo ovyo kama nywele ambazo hazijachanwa. Ukiivuta ikiwa laini, minyororo inalala upande mmoja. Wanaitia ayodini, na tangu hapo inaacha kupita mwanga unaotikisika upande mmoja na kuzuia unaotikisika upande wa pili. Mmarekani Edwin Land ndiye alitengeneza aina hiyo katika miaka ya 1930. Ekrani nyingi za telefone zinatoa mwanga ambao tayari umechujwa hivyo. Zile chujio mbili zikipishana, unaona giza. Anayetaka ajaribu leo, haiombi makuta.

Na ndani ya ekrani yenyewe, ile ya kioo-kimiminika, kuna jambo lililonishangaza zaidi. Ili zile molekuli za kimiminika zijue upande wa kulala, kwa miaka mingi viwanda vimepaka kwenye kioo tabaka jembamba la plastiki, kisha vikalisugua kwa rola lililovikwa kitambaa laini, upande mmoja tu. Ndiyo, kusugua, kama mama anayepangusa meza. Molekuli zinazokuja juu yake zinafuata ule mstari wa kitambaa.

Hapo ndipo nilipoingia katika habari ya plastiki zinazopitisha umeme.

Sisi wote tulifundishwa kwamba plastiki inazuia umeme, njo maana waya umevikwa plastiki. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa wa Japani, pamoja na Alan MacDiarmid na Alan Heeger kule Marekani, walionyesha kwamba kuna plastiki ambayo ukiitia kemikali kidogo inapitisha umeme karibu kama chuma. Mwaka 2000 walipewa zawadi ya Nobel ya kemia. Kutoka hapo ikazaliwa familia nzima ya vitu vya kaboni vinavyoitwa semikondukteri ojaniki: umeme unapita, lakini unaweza kuufungulia na kuufunga kama robine. Kwa vitu hivyo unaweza kutengeneza tranzistori, taa, paneli za jua.

Uzuri wake ni huu. Silisiumu ya kompyuta inaomba moto unaopita digrii 1,000 na vyumba visivyo na chembe ya vumbi. Vitu hivi vya kaboni, vingi vyake, vinayeyuka ndani ya dawa sawa vile rangi inavyoyeyuka. Unakuwa na wino. Unaupaka juu ya kioo au plastiki, dawa inaruka hewani, na kinachobaki ni ngozi nyembamba ya nanometa makumi kadhaa, nyembamba kuliko unywele mara elfu moja na zaidi. Kwa kusema tu, ni kuchapisha umeme kama unavyochapisha gazeti hili.

Kwa kutenda ni kazi ingine.

Mwaga tone la kahawa juu ya meza uliache likauke. Sisi wa Kivu kahawa tunayo, hatuna kisingizio. Utaona pete: katikati kweupe, pembeni kweusi. Mwaka 1997 watafiti wa Chicago waliandika sababu yake: tone linakauka haraka zaidi pembeni, maji ya katikati yanakimbilia huko kujaza pengo, na yanabeba unga wa kahawa. Wino wa semikondukteri unafanya vilevile. Ukiuacha ukauke wenyewe, unapata pete, mabonge, na fuwele ndogondogo kila moja imeelekea kwake. Umeme ukifika kati ya fuwele mbili zisizoelekeana, unakwama.

Kwa nini unakwama? Nitaeleza kwa namna ya kisima, juu ndiyo ninayoijua. Mfuko wa mchanga unapotoka chini, hakuna mtu mmoja anayeubeba mpaka nje. Watu wanajipanga ndani ya njia, na mfuko unapita mikono kwa mikono. Wakisimama karibu karibu, wote wakielekeana, unaruka kama mpira. Mmoja akigeuza mgongo, au akisimama hatua mbili mbali, mfuko unaanguka na wote wanangoja. Ndani ya zile ngozi za kaboni, umeme unaruka hivyo hivyo kutoka molekuli moja mpaka ingine. Molekuli nyingi kati ya hizo ni bapa, kama sahani. Zikipangwa uso kwa uso kama sahani ndani ya kabati, umeme unapata njia. Zikitupwa ovyo, njia hakuna.

Sasa nafasi kati ya mtu na mtu. Mwaka 2011, kikundi cha Zhenan Bao kwenye chuo kikuu cha Stanford kilichukua molekuli moja inayoitwa TIPS-pentasene, kikaiyeyusha, kikaipaka kwa kisu kinachotembea juu ya kioo kilichopashwa moto. Kisu hakigusi kioo. Kinaburuta wino unaobaki katikati. Kwa kubadilisha mwendo wa kisu walisogeza molekuli kutoka angstromu 3.33 mpaka 3.08. Angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanometa. Ni kusogea kwa kitu kidogo kuliko atomu moja! Lakini kipimo cha wepesi wa umeme, wanachokiita mobiliti, kikatoka 0.8 kikafika 4.6. Watu wale wale, mfuko ule ule, wamesogeleana tu.

Na ule mwendo wa kisu unafanana na kitu ambacho kila mwosha dhahabu anakijua. Juu ya ubao wa kuoshea, maji yakienda mbio yanachukua kila kitu; yakienda polepole sana, udongo unalala pale pale. Kisu kikienda polepole kinachohitajika, wino unakauka pale pale ukingoni mwake, na fuwele zinakua zikifuata kisu kama nyuzi ndefu. Kikienda mbio sana, kinaacha nyuma maji mengi ambayo yanakauka baadaye bila mwongozo, na tunarudi kwenye kahawa yetu. Katikati kuna mwendo ambapo molekuli zinakauka kabla hazijapata nafasi ya kurudi kwenye mkao wao wa starehe. Hapo ndipo zinabaki zimebanana. Mwaka 2013 Ying Diao, katika kikundi kile kile, aliweka kwenye kisu nguzo ndogo ndogo mno zinazochanganya wino unapopita, na mobiliti ya TIPS-pentasene ikafika wastani wa 8.1, ya juu kabisa 11. Kwa kulinganisha, silisiumu safi ya kompyuta inapita 1,000. Kwa hiyo msitupe kompyuta zenu. Lakini ile silisiumu isiyo ya fuwele inayoendesha ekrani nyingi inacheza karibu na 1 tu, na hiyo imeshapitwa.

Kisu si njia peke yake. Ufaransa, mji wa Strasbourg, kuna watu waliorudi kwenye kitambaa. Mwaka 1991 Jean-Claude Wittmann wa huko, pamoja na Paul Smith, walionyesha kwamba ukiburuta kipande cha Teflon juu ya kioo cha moto kinaacha ngozi nyembamba iliyonyooka, na vitu vingi utakavyopaka juu yake vinafuata mistari ile. Miaka ya karibuni Martin Brinkmann na wenzake wa Institut Charles Sadron, mji ule ule, wanapasha moto plastiki ya semikondukteri kisha wanaisugua kwa silinda yenye kitambaa. Minyororo inalala yote upande mmoja. Mimi nilifikiri sayansi ya leo ni mashine za mamilioni. Kumbe kuna kitambaa ndani yake.

Kuna jambo lingine ambalo mchimbaji atalielewa mbele ya mhandisi: ni lazima kujua umeme unaelekea wapi. Ndani ya tranzistori unatembea kwa ulalo, kama kwenye njia ya chini ya ardhi. Ndani ya paneli ya jua unapanda na kushuka, kama kwenye kisima. Molekuli zilizopangwa vizuri kwa njia ya ulalo zinaweza kuwa mbaya kabisa kwa kisima. Henning Sirringhaus na wenzake wa Cambridge walionyesha hilo mwaka 1999: plastiki moja, ile inayoitwa P3HT, ikisimama kwa ukingo wake au ikilala bapa, wepesi wa umeme katika tranzistori ulitofautiana zaidi ya mara 100. Dawa ileile! Mkao tu.

Lazima niseme pia habari ya mizani, juu mtu wa sendika asiyezungumza mizani si mtu wa sendika. Kila mchimbaji wa Kivu anajua kwamba kilo ya kisimani na kilo ya mnunuzi si ndugu. Katika sayansi hii vilevile kumekuwa na mizani ya uongo. Kijana mmoja aliyekuwa anasifiwa sana katika Bell Labs ya Marekani, Jan Hendrik Schön, alitangaza maajabu ya fuwele za kaboni. Mwaka 2002 tume ya uchunguzi ikakuta ametunga matokeo yake. Hiyo ni wizi. Kuna kosa lingine lisilo la wizi: mwaka 2016 watafiti wa maabara ya vipimo ya serikali ya Marekani walieleza kwamba tranzistori nyingi za ojaniki zinapimwa kwa namna inayopandisha namba, hata mara kumi, juu ya hitilafu kwenye sehemu ambapo umeme unaingia. Tangu hapo anayetangaza mobiliti kubwa anaulizwa maswali mengi. Hayo napenda. Mizani iangaliwe na watu wa pande mbili.

Sasa nifike kwetu. Nilipomweleza mwenzangu mmoja wa sendika, mtu wa Numbi kule juu ya Kalehe, hakuuliza habari ya molekuli. Aliuliza: "Hiyo plastiki ikifaulu, koltani yetu nani atainunua?"

Si swali la mchezo. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya tantali iliruka duniani. Watu waliacha mashamba na shule wakakimbilia milima. Mwaka 2001 ikaanguka, na wengi walibaki na madeni na mashimo. Mwaka 2010, mwezi wa saba, Marekani ikatia sahihi sheria ya Dodd-Frank yenye kipengele cha 1502 juu ya madini ya Kongo. Mwezi wa tisa serikali yetu ikasimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011. Ninaukumbuka wakati ule kwa sababu ya watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa minerval. Hakuna aliyekuja kutuuliza kabla. Maamuzi ya mbali yanafika kwetu kwa mguu, bila barua. Kwa hiyo mtu wa Numbi akisikia "kitu kipya kimegunduliwa kule laboratwari", anahesabu watoto wake.

Nilitafuta jibu na nililolipata halikuwa lile nililotegemea. Plastiki haijaja kuifukuza koltani. Imeingia nyumbani mwake.

Sikilizeni. Tantali inayotoka katika koltani, sehemu yake kubwa inaenda kwenye kondansateri, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme kwa muda mfupi ndani ya telefone na kompyuta. Unga wa tantali unabanwa na kuchomwa mpaka unakuwa kama sponji. Juu ya sponji ile wanaotesha ngozi ya kutu ya tantali, inayozuia umeme. Kisha inahitajika kitu kinachopitisha umeme, kiingie ndani ya kila tundu na kuigusa ngozi ile yote. Zamani kilikuwa oksidi ya manganizi, na hadi leo kinatumika. Ubaya wake, kondansateri ikiharibika inaweza kuwaka, juu manganizi ile inatoa oksijeni. Njo maana sasa nyingi zinatiwa plastiki inayopitisha umeme, hasa ile iitwayo PEDOT. Iligunduliwa katika laboratwari za Bayer, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia cheche kwenye filamu za picha za Agfa. Ikichanganywa na mwenzake PSS inaelea ndani ya maji, inamiminwa, inakauka. Na hapa tena mambo ni ya mstari: ukiitia kidogo ethilini glikoli, ile ile ya radiata za magari, minyororo yake inajipanga upya na umeme unaweza kupita mara mia zaidi.

Ndivyo katika kitu kidogo kuliko punje ya mchele kunakaa pamoja mawe ya milima yetu na plastiki ya Nobel. Kemia ya mmoja inampandisha bei mwingine.

Na kasiteriti? Hapo pia hofu ni kubwa kuliko jambo. Ni kweli PEDOT inajaribiwa kuchukua nafasi ya ule mpako wa wazi wa ekrani uliotengenezwa kwa indiamu na bati. Lakini mle bati ni kama sehemu moja ya kumi; kinachowasumbua wenye viwanda ni indiamu. Bati yetu inaenda zaidi kwenye kuunganisha vipande, ile inayoyeyuka kwenye chuma cha moto cha kijana wetu wa Muhumba. Hata tranzistori ikiwa ya plastiki, mtu ataiunganisha na kitu.

Kinachonisumbua mimi ni dawa. Wino mwingi wa laboratwari unayeyushwa kwa klorofomu, klorobenzeni au toluini. Klorofomu inaharibu ini. Kwenye laboratwari kuna kabati linalovuta hewa, kuna glavu, na wino ni matone. Siku ambapo zitachapishwa mita elfu za paneli, matone yatakuwa mapipa, na mtu atasimama karibu na pipa. Ni nani? Sisi tumeshaona zebaki ya dhahabu: wanaume wanaichoma bila kitu usoni, na wale mama wanaotwanga mawe wanapumua vumbi watoto wakiwa mgongoni. Hakuna aliyetuambia mapema. Wapo watafiti wanaotafuta dawa zisizo na klorini, hata maji matupu, na wanakubali kuanza upya karibu kazi yote, maana ukibadilisha dawa unabadilisha ukaukaji, na ukibadilisha ukaukaji molekuli zinapanga mstari mwingine. Kazi hiyo naona ndiyo kubwa kuliko kutafuta namba ya 12 baada ya 11.

Paneli nimezitaja mara tatu, na Bukavu, na delestaji yetu, mtu atauliza ziko wapi. Mwaka 2010 Frederik Krebs na wenzake wa Denmark walichapisha paneli za plastiki na kuzifunga kwenye taa ndogo kwa ajili ya mpango wa Lighting Africa. Zilikuwa dhaifu na hazikudumu kama za silisiumu. Leo, katika laboratwari, paneli ndogo za ojaniki zimepita asilimia 18, lakini jua na hewa bado vinazila haraka. Kwa nyumba ya Muhumba, leo, nunua silisiumu. Mtu asikudanganye.

Afrika yetu haiko nje kabisa. Kwenye chuo kikuu cha Addis Ababa wakemia wametengeneza polimeri za paneli hizo kwa miaka, wakishirikiana na Wasweden wa Linköping. Na kupaka kwa kisu si mashine ya mamilioni: mota inayotembea polepole, sahani ya moto, kipande cha kioo. Kupima kunaomba vyombo vikubwa, eksirei na vingine. Lakini jicho la kwanza, lile linaloonyesha kama fuwele zimelala upande mmoja, ni darubini yenye chujio mbili kama miwani yangu. Unageuza kioo: ngozi iliyonyooka inang'aa yote pamoja na kuzima yote pamoja, iliyovurugika inametameta vipande vipande. Ni darubini ile ile ambayo wanajeolojia wanaitumia kusoma vipande vyembamba vya mawe. Mtu aliyejifunza kutambua mawe ya Kalehe kwa darubini hiyo ana nusu ya ujuzi tayari.

Juzi nilirudi kwa kijana wa Muhumba nikamweleza habari ya miwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua bodi ya telefone iliyokufa, akanionyesha kipande kidogo cha manjano chenye mstari upande mmoja. "Hii njo koltani, papa?" Ndiyo, na ule mstari unaonyesha upande wa tantali. Ndani kuna manganizi au plastiki? Kwa nje hatukuweza kujua, mimi wala yeye. Akakikoboa kwa chuma cha moto, akakitia ndani ya kikopo cha dawa pamoja na vingine kama arobaini, akaniuliza kama sendika inajua mtu anayenunua hivyo kwa kilo.

Sijapata bado. Nimeanza kuuliza.